Fundo la Veronique

Bangui, 2 Machi 1988

Mjomba wangu Anselme,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wote wa nyumbani hapo Bokanda. Mimi mzima.

Nimepata kazi. Nakaa kwenye mashine ya kupiga chapa, katika ofisi inayoandika orodha ya utajiri wa misitu yetu ya Lobaye: mbao, asali, kahawa ya porini, viwavi, kila kitu chenye faida. Nakuandikia kwa sababu ya kazi hiyo. Kampuni ya magogo imepewa msitu wenu wote mpaka mtoni, na misumeno itafika kabla ya mvua kubwa. Lakini mkubwa wangu, Bwana Ndotar, amepigania jambo moja akalipata: mti wa msapeli wenye viwavi wa kuliwa na wenye mwenyewe, ukiandikwa ofisini kabla Aprili haijaisha, hautakatwa.

Mjomba, niandikie habari za msapeli wa mama, ule alioufunga fundo ili uwe wake akiwa mtoto wa miaka tisa. Mimi masista walinichukua mdogo. Nakumbuka tu jinsi mavi ya viwavi yalivyokuwa yakidondoka juu ya majani kama manyunyu, na mama akisema, "Sikiliza, chakula kinakuja." Njia ya kwenda pale siikumbuki. Nitajie uko wapi, una unene gani, na nani shahidi. Andika kwa ufupi na kweli tupu. Wapimaji watakuja kuutia alama.

Nimemwandikia pia baba mdogo Gaston kuhusu miti yake. Naomba usikasirike.

Mpwa wako,
Leonie

*

Bokanda, 11 Machi 1988

Mpwa wangu Leonie, binti wa dada yangu, mboni ya jicho langu la kulia,

Barua yako imefika kwa dereva wa lori la magogo. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, na mara ya tatu nimeisoma kwa sauti ya kufika kwa majirani, maana nilisikia Gaston naye anasoma yake uani kwake kama padri siku ya Pasaka. Nikachungulia. Yake ilikuwa karatasi mbili. Yangu moja! Sisemi kitu. Nauliza tu: huyo mdogo wa marehemu baba yako amekupa nini nisichokupa mimi? Yeye anakudai kwa jina. Mimi nakudai kwa ziwa ulilonyonya. Kipi kizito?

Haya, tuje kwenye utajiri. Hapo ofisini kwenu mmeajiri watu wa kuutafuta utajiri wa nchi hii? Mngeniita mimi siku ya kwanza, mngelala mapema. Nilipokuwa kijana nilichimba almasi kule Carnot. Siku moja tulichinja kuku, tukapasua firigisi, ndani tukakuta almasi tatu kubwa kama punje za mahindi. Tukazitupa, mwanangu, maana tulikuwa na njaa na firigisi ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Dhahabu ndiyo usiseme: mke wangu akifua nguo mtoni, povu linatoka la njano. Kahawa yetu ukiinusa tu hulali siku mbili. Nchi hii, Leonie, Mungu aliiumba jioni ya siku ya sita, akaona mfuko bado una vitu, akaukung'utia hapa.

Sasa msapeli. Wewe unaniandikia "una unene gani" kana kwamba nina kijiti cha mswaki! Kivuli chake kikianza kulala asubuhi, jioni kinaamkia Kongo, na wale wa ng'ambo wanapaswa kunilipa ushuru wa kukaa kivulini. Mwaka juzi viwavi walianguka siku tisa bila kupumua. Tuliwachota kwa majembe. Mbwa walinenepa. Mchungaji aliahirisha ibada kwa kuwa hakusikia sauti yake mwenyewe.

Niandikie misapeli mia mbili na arobaini. Yote ya Anselme Mokpeme. Gaston mwandikie anachosema, ila mwandike chini yangu.

Ni mimi mjomba wako, wa pekee,
Anselme

*

Bangui, 27 Machi 1988

Mjomba Anselme,

Salamu tena. Barua yako Bwana Ndotar aliichukua mezani kwangu akaisoma kwa sauti. Ofisi nzima ilicheka. Mhasibu alitoka nje kujifuta machozi. Kisha Bwana Ndotar akaniuliza, "Binti, huyu mzee ana mti au hana?" Nikasema anao. Akasema, "Basi autaje." Akaitia barua kwenye faili la barua zisizo na kazi.

Baba mdogo Gaston ameleta nusu karatasi. Misapeli minne. Ameandika hatua kutoka kijitoni, jina la aliyeufunga kila mmoja, na alama za vidole vya mashahidi watatu. Yote imeingia. Nikamwandikia haraka: mbona hukuutaja wa mama, nawe unaujua? Amenijibu mstari mmoja: "Fundo si langu, kinywa changu hakiutaji. Mwulize Anselme."

Nawe unajua zaidi yangu kwamba ndivyo ilivyo. Aliyeona viwavi wachanga wa kwanza ndiye anayefunga fundo la ugwe, anafyeka chini ya mti, na mwingine hata akifa njaa hagusi wala hasemei. Mama hayupo. Wa kuusemea umebaki wewe peke yako.

Nakusihi, mjomba. Mstari mmoja. Mti mmoja.

Leonie

*

Bokanda, 16 Aprili 1988

Leonie,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na homa. Homa yenyewe ilinipata nilipofika mahali palipoandikwa kwamba Gaston ameingia na mimi nimetiwa kwenye faili la wasio na kazi. Wamecheka? Waache wacheke. Aliyekula firigisi ya almasi hachekwi na mhasibu.

Sikiliza yaliyotokea, uone jinsi Mungu asivyomtupa mja wake.

Jumatatu walikuja vijana watatu na kopo la rangi nyeupe. Wakaenda moja kwa moja kwenye misapeli ya Gaston, wakaizungushia kila mmoja pete nyeupe kifuani, kama mkanda wa bwana harusi. Gaston yuko nyuma yao, mikono mgongoni, anatikisa kichwa kama chifu. Kijiji kizima kinatazama. Bati analo. Baiskeli anayo. Sasa na pete nne! Nikapita mbele yao.

Nikawaambia, "Vijana, mmemaliza kuwavisha vifaranga. Njooni sasa muone mama yao."

"Jina, mzee?"

"Anselme Mokpeme."

Akapekua karatasi mbele, akapekua nyuma. "Mzee, humu jina lako halimo."

"Tazama vizuri. Pengine nimeandikwa kwa herufi kubwa juu ya jalada."

Wakacheka, wakafunga kopo, wakaondoka. Gaston hakucheka, nami hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akasema, "Shemeji, bado kuna wiki mbili. Kalamu ninayo." Ananiazima kalamu, Leonie! Mimi!

Basi Alhamisi wakaja wengine. Hawa ni watu hasa: buti, kofia ngumu, gari lao wenyewe. Na kopo lao lina rangi nyekundu. Hawakuweka pete hawa. Waliweka msalaba, mkubwa. Na hawakuugusa mti wa Gaston hata mmoja! Nikamsogelea mkubwa wao.

"Bwana, hii nyekundu mnaiweka kwenye miti ya namna gani?"

"Ile bora tu, mzee. Mnene, ulionyooka, usio na kasoro."

Umesikia? Bora tu! Nikajua: nyeupe ni ya watu wa nusu karatasi, nyekundu ni ya wafalme. Na ni msalaba, tena, alama ya Bwana wetu. Lakini jua liliwachoma wakaishia kijitoni, hawakuvuka kuufikia wetu. Nikawaletea mtungi wa tembo la mchikichi, wakanywa, wakaniachia kopo lenye rangi ya kutosha chini.

Nimeupaka mwenyewe. Nimepanda ngazi. Msalaba wangu ni mara mbili ya yote waliyoweka wao, ukisimama kijitoni unauona. Gaston alipita, akasimama kuutazama, akaniambia, "Shemeji, uliuliza maana yake kabla ya kupaka?"

Nikamwambia, "Maana yake ni wivu, nao umekushika."

Waambie ofisini sasa wacheke.

Mjomba wako,
Anselme wa Msalaba

*

Bangui, 24 Aprili 1988

Mjomba,

Sina salamu leo. Msalaba mwekundu ni wa kukatwa. Pete nyeupe ndiyo ya kuachwa. Kosa ni langu, sikukueleza alama, sikudhani mtu angeupaka mwenyewe.

Ukwangue leo. Usingoje kesho. Ukwangue mpaka gome litoke, kisha chukua kalamu ya baba mdogo uandike mstari mmoja, mti mmoja, umpe huyuhuyu dereva. Ukinifikia kabla ya mwisho wa mwezi nitauingiza kwa mkono wangu.

Dereva anashusha mizigo kwa baba mdogo, kwa hiyo barua hii itapitia kwake. Naye nimemwandikia.

Nilizaliwa mwezi wa viwavi. Mama aliniambia maziwa yake ya kwanza yalitoka kwenye mti ule. Tafadhali.

Leonie

*

Bokanda, 3 Mei 1988

Mpwa wangu Leonie,

Hapa ni wazima. Barua yako imefika lakini sijaifungua, nakwambia ukweli nisije nikaonekana mnafiki. Imeletwa na Gaston. Bahasha inanuka tumbaku yake. Nikajiuliza: mimi na mpwa wangu tumefika mahali pa kuandikiana kwa hisani ya Gaston? Yaani hata neno lako linifikie likiwa limeshikwashikwa naye kwanza, kama tonge la gozo la muhogo lililomegwa na mtu mwingine? Nimeichomeka kwenye paa la nyumba, kati ya makuti. Ikae mpaka uniandikie nyingine ya mkono kwa mkono.

Na hilo si lote. Huyo bwana alikuja na panga.

"Anselme, soma barua!"

"Barua yangu. Nitaisoma nikiwa na nafasi."

"Basi twende tukaukwangue ule msalaba. Sasa hivi."

"Ahaa!" nikamwambia. "Nilikuwa nakungoja. Pete nne hazijakutosha, na msalaba wa mwenzio unakuwasha macho?"

"Mtu we, utakatwa mti!"

"Na nani? Walioniambia ni bora tu? Nenda kalale, shemeji. Bati lako likikupa joto, lala uani."

Akarudi tena mchana. Akarudi tena siku ya pili. Mara ya tatu nilimtolea mbwa. Nimeona watu wenye wivu, Leonie, lakini wivu wa kumfanya mtu mzima atembee na panga kwa ajili ya rangi ya mwenzake, huo sijauona.

Misumeno ya injini tunaisikia sasa ng'ambo ya kilima. Inalia kama nzi ndani ya chupa. Kesho nakwenda Mbaiki siku chache, nimwalike chifu mkuu aje auone mti wetu.

Anselme

*

Bokanda, 9 Mei 1988

Mwanangu Leonie,

Mimi ni baba yako mdogo Gaston. Mti wa mama yako umesimama.

Mjomba wako hayupo. Wenye misumeno walifika jana. Nilikuwa nawangoja pale chini yake tangu alipoondoka, maana kuukwangua sikuweza: fundo si langu, na mwenye kuusemea alikataa. Lakini kuegemea hakukatazwi.

Msimamizi akasema, "Mzee, toka." Nikamwambia mti huu ni wa viwavi. Akasema hauna pete, una msalaba, tena msalaba mkubwa ajabu. Nikamwuliza, "Karatasi yako inasema Bokanda ina pete ngapi?" Akasema nne. "Ukirudi na nne, kuna atakayekugombeza?" Akasema hapana, karatasi ina hesabu tu. Nikamwambia, "Basi lete kopo jeupe, kisha nikuoneshe pete ya kufuta."

Nimewapa ule wangu wa kijitoni, nilioufunga mwaka niliooa. Ulianguka kabla jua halijasimama kichwani.

Usimwambie Anselme. Ataona nimemtangulia tena, na hilo hatalisamehe.

Gaston Zimbele

*

Bokanda, 13 Mei 1988

Leonie!

Nimerudi kutoka Mbaiki. Mtu ameufunika msalaba wangu kwa rangi nyeupe! Ameuzungushia pete, mkanda wa maskini uleule! Chifu mkuu akija nitamwonesha nini? Sihitaji kuambiwa ni nani. Ni mmoja tu mwenye pete hapa. Nimesimama mbele ya nyumba yake nikamtukana kuanzia babu yake. Hakutoka. Aliyekosa hatoki. Jumapili ya mwisho wa mwezi nampeleka barazani kwa chifu, na wewe utakuwa shahidi wangu kwa barua.

Anselme

*

Bangui, 19 Mei 1988

Mjomba,

Fungua barua iliyo kwenye paa.

Leonie

*

Bokanda, 21 Agosti 1988

Mpwa wangu Leonie,

Najua umeniandikia mara tatu tangu Mei nami sijajibu. Sikuwa na homa.

Siku niliyopata ile karatasi yako ya mstari mmoja niliipandia ngazi ileile ya msalaba, nikaitoa ile barua kwenye makuti. Mchwa walikuwa wamekula pembe moja tu. Nikaisoma. Nikashuka. Nikatoka bila kumwambia mke wangu, nikaenda kwenye mti wetu, nikauona umesimama, nikajiuliza: kama msalaba ulikuwa wa kukatwa, umesimamaje? Hawa watu wa misumeno hawana huruma ya bure. Nikaanza kutembea kwenye miti ya Gaston, mmoja mmoja. Wa kwanza upo. Wa pili upo. Wa tatu upo. Nikafika kijitoni.

Kisiki, Leonie. Kipana kuliko meza ya padri. Utomvu bado haujakauka vizuri. Na ule ugwe wake wa fundo, aliouweka mwaka aliooa, umetupwa pembeni kama utumbo.

Nilikaa juu yake mpaka Gaston akapita na ndoo.

Akasema, "Umekaa kwangu."

Nikasema, "Naona."

Akasema, "Jumapili barazani nivae shati gani?"

Nikainuka, nikampisha. Akajaza ndoo yake, akaondoka, na maji yanamwagika njiani.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mtu huyu nimemwonea wivu miaka ishirini na mitano. Nilimwonea wivu kwa bati, kwa baiskeli, kwa kaka yake kumwoa dada yangu, kwa karatasi mbili ulizomwandikia wakati mimi ni moja. Sikujua kwamba mtu anaweza kuonewa wivu kwa kisiki. Ninakipita kila siku nikienda mtoni, na kila siku kinaniuma, nikijua kwamba ningekuwa mimi, na mti ungekuwa wake, nisingeutoa. Ningesema maneno mengi mazuri sana, na mti wake ungeanguka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Baraza halikuwapo. Lakini msamaha nao ulinishinda kinywani, kila nikimwendea nageuka nyumbani kama mbwa aliyeiba. Ndiyo maana nikanyamaza mpaka viwavi.

Walianza wiki jana. Usiku ule wa kwanza sikusikia kitu. Alfajiri, chini ya mti, yale manyunyu juu ya majani. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Sikiliza, chakula kinakuja," na sauti ilitoka ya mama yako Veronique kidogo.

Nikakata ugwe mpya. Nikaufunga chini ya fundo la dada yangu, fundo la pili, kwa mtindo wa Gaston, ule wa kurudia mara mbili. Nikafyeka upande wa jua linakotoka, uwe upande wake. Kisha nikaenda kwake nikamwambia, "Shemeji, watoto wako wana vikapu?"

Akasema, "Vya nini?"

Nikasema, "Usiniulize vya nini, mtu we! Vikapu, au niwaletee vyangu?"

Alikuja mwenyewe. Akalitazama lile fundo. Akalishika, akalikaza, maana mimi sikulikaza vizuri. Akasema, "Anselme, kufunga hujui." Nikamwambia, "Kweli." Basi. Wamechuma pamoja na watoto wangu siku nne. Mke wake amewakausha juu ya moto, mke wangu amekata mboga ya majani ya koko nyembamba kama nywele, tumekula na gozo uani kwake, chini ya bati. Ni kweli lina joto.

Nakutumia kikapu kimoja kwa dereva. Mwaka huu hawakuwa wengi. Siku nne tu, si tisa. Hata mwaka juzi hazikuwa tisa.

Najua Aprili imepita. Lakini Bwana Ndotar akifungua daftari tena, mpe hii hapa chini. Gaston ameniazima kalamu.

Anselme Mokpeme, kijiji cha Bokanda. Msapeli mmoja. Hatua mia tatu na kumi na mbili kutoka kijitoni, upande wa kilima. Watu wanne wakishikana mikono wanauzunguka. Una mafundo mawili: la Veronique, marehemu, na la Gaston Zimbele, yupo. Mashahidi wameweka vidole.

Nimehesabu mara mbili. Ni mmoja.

Mjomba wako,
Anselme